Somo la Mwezi: Kazi Yetu Hii ni ya Nini?

Masomo ya kusoma nyumbani kabla ya kukutana: Nehemia 2:11–20, Nehemia 3, Nehemia 5:1–14, Nehemia 6:1–16, Mwanzo 11:1–9.



Mwezi huu tunataka kutazama jambo linalotugusa sote, awe mkulima, mwalimu, muuguzi, fundi, karani au mwanakwaya. Nalo ni jambo la kufanya kazi pamoja na wengine. Ni wachache sana kati yetu wafanyao kazi peke yao. Mwalimu ana walimu wenzake shuleni. Muuguzi ana wenzake katika zahanati. Penye mashine ya kukamua alizeti yuko mwenye mashine, yuko mpimaji, yuko mpakiaji, na yuko mtunza fedha. Sisi wazee wa kanisa nasi tuna halmashauri yetu. Na wengi wetu tumeonja uchungu wa kuwa katika kundi ambalo kila mtu ana shughuli, jasho linatoka, lakini kazi yenyewe haiendi.

Tukiona hivyo mara nyingi husema, "Watu hawa ni wavivu," au "Kiongozi wao hafai," au "Hakuna fedha." Yawezekana ni kweli. Lakini kabla hatujamlaumu mtu, liko swali moja ambalo hatuna budi kuliuliza kwanza: Kazi yetu hii ni ya nini? Kama watu watano wa kundi moja watalijibu swali hilo kwa namna tano, basi hata wakiwa na bidii ya mchwa hawatajenga kichuguu kimoja.

KUKU WA MAMA MMOJA

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita sisi tunaoandika somo hili tuliwekwa katika kamati ya ujenzi ya kanisa. Watu walifurahi mno. Mawe yalikusanywa, mchanga ukaletwa, maji yakaja kwa mikokoteni ya punda. Wasiokuwa na fedha walileta mtama, alizeti, mbuzi, na kuku. Matofali yalichomwa, na kuta zikapanda hata zikafika kwenye linta. Hapo kazi ikasimama.

Ilisimama kwa sababu fundi aliuliza jambo dogo tu. Alitaka kujua mlango uwe na upana gani, na vyumba vya ndani viwe vingapi. Wazee wakamjibu kwamba hakuna haja ya vyumba, kwa kuwa hii ni nyumba ya mikutano. Akina mama wakashtuka, maana wao walijua wanajenga mahali pa kliniki ya watoto wadogo. Vijana nao walikuwa wamekwisha kuhesabu vyerehani vitakavyowekwa mle ndani. Tulipofungua kitabu cha kumbukumbu za mikutano tulikuta tumeandika hivi: kujenga jengo la parishi. Basi. Neno "jengo" lilikuwa limetubeba sote kwa miaka miwili kwa sababu halikusema kitu. Kila mtu alisikia ndani yake kile alichokuwa anakitaka.

Tangu siku ile kila jambo likawa ugomvi. Mtunza hazina aliogopa kutoa fedha, maana upande mmoja ungesema amependelea. Fundi akaenda kutafuta kazi kwingine. Kuta zikanyeshewa mvua misimu miwili. Kisha katika mkutano mkuu wa parishi mama mmoja, mjane, akasimama akasema, "Mimi nilitoa kuku watatu. Nataka kujua kuku wangu wamejenga nini."

Ndugu, hakuna aliyemjibu. Hesabu zetu zilikuwa sawa hata senti; hakuna aliyeiba. Hapakuwa na mvivu. Lakini hakuna hesabu iwezayo kujibu swali lile. Tulikuwa tumeomba watu watoe mali zao na nguvu zao, bila sisi wenyewe kukubaliana tunazitaka kwa ajili gani. Huo si wizi, lakini aliyetoa alibaki kama mtu aliyeibiwa. Na mtu wa namna hiyo hatoi tena.

MBONA WAZEE WETU HAWAKUHITAJI KUAMBIWA?

Mtu atasema, "Mbona wazee wetu walifanya kazi pamoja na hawakuandika shabaha yo yote?" Ni swali zuri. Jirani alipotaka kujenga tembe, watu waliitwa, wakaja. Huyu alichimba mashimo, huyu alisimamisha nguzo, huyu alibeba mirunda, na wengine wakapandisha udongo juu ya dari. Jioni wakala na kunywa pamoja. Hakuna aliyeuliza kazi ni ya nini, kwa kuwa nyumba ilikuwa inasimama mbele ya macho yao, na mwenye nyumba yuko pale na watoto wake. Tena kila mmoja alijua kwamba kesho itakuwa zamu yake kusaidiwa. Kusudi lilionekana, na faida yake ilimzungukia kila mtu.

Lakini kazi nyingi za siku hizi hazionekani hivyo. Karani anaandika katika daftari, na daftari linakwenda wilayani. Mwalimu anafundisha kusoma, na matunda yake yataonekana baada ya miaka kumi. Mfagizi wa zahanati anafagia, na kesho vumbi limerudi. Kusudi la kazi limefichwa nyuma ya karatasi na zamu na mishahara. Ndiyo sababu leo yatupasa kulisema kwa kinywa jambo ambalo wazee wetu waliliona kwa macho. Tusiposema, kila mtu atajitungia la kwake.

KARANGA ZA KONGWA

Tutazame sasa mfano mkubwa kutoka nchi ya jirani zetu wa Dodoma. Wachungaji wengi wamesoma Kongwa, katika Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo, nao wanaijua nchi ile: mvua zake za wasiwasi, na udongo wake ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu sana.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia watu wa Uingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, hata wakawa wanapewa kwa mgao. Mwaka 1946 serikali yao ilikubali mpango wa kulima karanga katika Tanganyika, katika eka zaidi ya milioni 3. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia. Urambo na Nachingwea zikafuata. Matrekta yaliletwa, mengine yakiwa masazo ya vita, na hata vifaru vya kijeshi viligeuzwa kuwa mashine za shamba. Mwaka 1947 walikuwa wamekusudia kulima eka 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama eka 7,500. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukafutwa, na fedha zilizopotea zilikuwa karibu pauni milioni 36.

Hatusemi kwamba mambo haya yote yaliletwa na sababu moja. Mvua ilikuwa haba, udongo ulivunja majembe ya matrekta, vipuri havikutosha, na haraka ilikuwa nyingi. Lakini hebu tuliulize swali letu hata hapo. Kazi ile ilikuwa ya nini? Kule London jibu lilikuwa mafuta kwa meza za Waingereza. Wengine walisema ni kuwaendeleza Waafrika. Kwa msimamizi wa matrekta, jibu lilikuwa idadi ya eka zilizofyekwa, maana ndizo alizodaiwa kila mara. Kwa kibarua lilikuwa mshahara wa mwisho wa mwezi. Kila mmoja alikuwa na jibu lake, na wengi walifanya kazi kwa bidii kweli kweli. Lakini kufyeka eka si kuvuna karanga. Mtu aweza kuitimiza sehemu yake yote, akasifiwa, na kazi nzima ikafa mikononi mwake.

Tena tuone hili. Mkulima Mgogo alijua tangu utoto kwamba mvua ya nchi ile haiaminiki. Elimu hiyo ilikuwapo pale pale, bila gharama. Lakini yeye aliitwa kama mikono tu. Kusudi halikuwa lake, kwa hiyo hakuwa na nafasi ya kusema, "Jamani, hapa tutashindwa." Ndivyo ilivyo mahali popote ambapo kusudi ni mali ya wakubwa peke yao. Wanaoliona shimo kwanza ni wale walio chini, nao hunyamaza, kwa kuwa safari si yao.

UKUTA WA SIKU HAMSINI NA MBILI

Sasa tufungue kitabu cha Nehemia. Kuta za Yerusalemu zilikuwa zimebomoka na malango yake yameteketezwa kwa moto. Watu waliokuwa mle walikuwa wamekaa na magofu hayo miaka mingi. Mawe yalikuwapo, na mikono ilikuwapo. Nehemia alipokuja, ukuta ulimalizika kwa siku 52 (6:15). Alileta nini ambacho hakikuwapo? Alikuja na ruhusa na barua za mfalme, kweli. Lakini tuangalie mambo manne aliyoyafanya.

Kwanza, alitazama kabla ya kusema, kisha akasema waziwazi. Katika sura ya 2 tunamwona akizunguka usiku na watu wachache, akikagua mahali palipobomoka, bila kumwambia mtu. Alipokuwa na hakika ndipo akawaita watu. Hakuwapa hotuba ndefu. Aliwaonyesha hali mbaya waliyo nayo wote, naye akijihesabu pamoja nao. Akataja kazi, yaani kuujenga ukuta. Na akataja sababu yake, yaani kuiondoa aibu yao. Watu wakajibu kwamba wako tayari. Mtoto angeweza kuyarudia maneno yale nyumbani bila kuyapotosha.

Pili, kila mtu alipewa sehemu yake, na aliona jinsi sehemu hiyo inavyoungana na nyingine. Sura ya 3 wengi huiruka kwa kuwa ni majina tu. Tusiiruke. Humo tunakuta makuhani, wafua dhahabu, watengeneza manukato, na wafanya biashara, watu ambao hawakuwa waashi. Tunamkuta Shalumu akijenga pamoja na binti zake. Wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Hapo kusudi la mji wote na haja ya kila mtu vilikutana katika jiwe moja. Wako pia wakuu wa Watekoi waliokataa kuinamisha shingo zao kwa kazi hiyo (3:5). Lakini watu wao wa kawaida walimaliza sehemu yao, kisha wakatengeneza na sehemu nyingine (3:27). Mwenye kusudi moyoni hamsubiri mkubwa wake.

Tatu, Nehemia hakuruhusu wengine wale matunda ya kazi na wengine wabaki na jasho. Sura ya 5 inatuonyesha kwamba hatari kubwa kuliko Sanbalati na Tobia ilikuwa ndani. Maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba na nyumba ili wapate nafaka, na watoto wao wanauzwa utumwani, na waliowakopesha ni ndugu zao wenyewe. Fikirini: mchana watu wawili wanabeba jiwe moja, na usiku mmoja anamnyang'anya mwenzake shamba! Nehemia alikasirika, akawaita mbele ya watu wote wakarudishe. Yeye naye, kwa miaka kumi na miwili, hakuila posho iliyomstahili liwali. Alijua kwamba huwezi kumwambia mtu "hili ni letu" kama kila siku anaona kwamba ni lako.

Nne, kusudi lilimpa nguvu ya kukataa. Adui zake walimwita mara nne aende kukutana nao katika nchi tambarare ya Ono (6:1–4). Mara nne aliwajibu kwamba anafanya kazi kubwa na hawezi kuiacha. Asiyejua kazi yake ni ya nini atakwenda kila mkutano anaoitiwa.

MTU NI AFYA

Wengine watasema hayo ni mambo ya zamani za manabii. Basi tuje karibu. Wasomaji wetu wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Kwa muda wa wiki kumi na mbili watu wazima nchini kote walikutana katika vikundi, wakasikiliza Radio Tanzania, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, na kisha wakaenda kufanya. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Habari zilikuwa za malaria, safura, kuhara, kichocho, na kifua kikuu.

Kampeni ile haikuwa na fedha za Kongwa, wala haikuwa na vifaru vilivyogeuzwa. Walikuwa na redio, kitabu, na jembe. Lakini aliyeketi chini ya mwembe au mbuyu akisikiliza alijua mambo matatu: ugonjwa gani unamwua mtoto wake, unatoka wapi, na yeye afanye nini kesho asubuhi. Kila kikundi kilitakiwa kuamua chenyewe kitatenda nini mahali pake. Hapo mtu hakuchimba choo ili bwana afya aandike hesabu. Alichimba kwa sababu alielewa. Vyoo vingi sana vilichimbwa, visima vikasafishwa, na vichaka na madimbwi karibu na nyumba vikaondolewa.

Tuseme na upande wa pili, ili tusidanganyane. Kusudi likishawashwa halikai likiwaka lenyewe. Mwaka 1974 kaya nyingi nchini zilihamia vijiji vipya, na huko shimo lilipaswa kuchimbwa upya. Palipokuwa na watu waliokumbushana, walichimba. Palipokuwa na watu waliokuwa wamefuata mkumbo, walisubiri kuambiwa tena. Kusudi ni kama moto wa jikoni: lazima mtu achochee.

TUFANYE NINI KATIKA KAZI ZETU?

Tunapendekeza mambo matano. Si magumu, wala hayataki fedha.

La kwanza, ulizaneni. Kila mmoja wa kundi aandike au aseme peke yake, kabla hajasikia wenzake: kazi yetu hii ni ya nini, na ni kwa faida ya nani? Kisha majibu yasomwe yote. Msione haya yakitofautiana. Afadhali kutofautiana mezani kuliko kutofautiana ukuta ukiwa umefika kwenye linta.

La pili, kubalianeni juu ya sentensi moja ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuielewa. Maneno makubwa kama "kuleta maendeleo" au "kutoa huduma bora" hayatoshi, kwa kuwa yanaweza kumaanisha lo lote, kama lile neno letu "jengo". Walimu waseme, kwa mfano, "Mtoto asitoke darasa la pili bila kujua kusoma." Hapo mwalimu wa darasa la sita hataweza kusema kwamba watoto wa darasa la pili si shauri lake.

La tatu, kila kazi, hata iliyo ndogo, iunganishwe na kusudi. Katika zahanati shabaha ni mama na mtoto warudi nyumbani wakiwa wazima. Basi mfagizi naye ajue kwamba kwa kusafisha chumba cha kujifungulia anazuia ugonjwa unaoweza kumwua mama baada ya kuzaa. Akijua hivyo, hatasubiri kukaguliwa. Na karani wa kadi ajue kwamba kadi iliyopotea ni chanjo iliyopotea. Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba yeye alipanda na Apolo akatia maji, na aliyekuza ni Mungu (1 Wakorintho 3). Aliyetia maji hakuwa mdogo kuliko aliyepanda.

La nne, tumieni kusudi kukata maneno. Kusudi lisilotumika katika ugomvi ni pambo la ukutani. Chukueni mfano wa mashine ya alizeti, maana mkoa wetu wa Singida unajulikana kwa zao hili. Kama kundi limekubaliana kwamba kazi yao ni kutoa mafuta safi, na mkulima alipwe haki yake, basi mizani ikipindishwa hapana haja ya kubishana muda mrefu. Mpimaji wa cheo cha chini ana haki ya kumwambia hata mwenye mashine, "Hivi sivyo tulivyosema." Lakini kama kusudi halijulikani, mpimaji atapindisha mizani kwa ajili ya tajiri wake asubuhi, na jioni ataipindisha kwa ajili yake mwenyewe.

La tano, mkumbushane, hasa mgeni akija. Watumishi huhamishwa, mwalimu mkuu huja mwingine, mganga huja mwingine. Tuna desturi ya kumwonyesha mgeni ofisi, nyumba, na mahali pa kuteka maji. Siku hiyo hiyo aambiwe pia kazi ya mahali hapa ni ya nini. Asipoambiwa, ataleta ile ya kule alikotoka.

TAHADHARI MBILI

Kwanza, tusidhani kwamba umoja peke yake unatosha. Twapenda kusema umoja ni nguvu, na ni kweli. Lakini nguvu ya kwenda wapi? Watu wa Babeli walikuwa na lugha moja na shabaha moja iliyo wazi kabisa, nayo ilikuwa kujifanyia jina (Mwanzo 11). Hata genge la wezi huwa na shabaha wazi. Kwa hiyo sisi Wakristo tunapokubaliana juu ya kazi, tuulize pia kama kusudi letu laweza kusemwa katika sala, mbele za Mungu, bila kuona aibu.

Pili, tusimdharau mtu anayefanya kazi kwa ajili ya mshahara. Wako viongozi wanaopenda kuhubiri kusudi ili watu wasidai haki yao. Huo ni udanganyifu, na Nehemia sura ya 5 inaukemea. Baba anayetafuta ada na unga wa watoto wake ana kusudi jema. Kusudi la pamoja haliji kuchukua mahali pa ujira; linakuja kumfanya mtu aliyelipwa haki yake aione kazi yake kuwa ni zaidi ya ujira.

JENGO LETU

Mtauliza lile jengo letu lilifikia wapi. Baada ya swali la yule mama, halmashauri iliitisha mkutano wa watu wote, wala hatukuzungumza habari ya fedha hata kidogo. Kutwa nzima tulizungumza swali moja tu. Palikuwa na maneno makali, na wengine waliondoka. Lakini jioni tuliandika sentensi moja: "Hii ni nyumba ambamo mama atapimiwa mtoto wake bila kutembea nusu siku." Wazee waliokuwa wakitaka nyumba ya mikutano walikubali kukutana chini ya mti kwa muda. Vijana walikubali kungoja vyerehani.

Tangu siku ile fundi hakuhitaji kutuuliza mambo mengi. Mlango ukawa mpana, ili machela ipite. Vyumba vikawa viwili. Bati la kwanza lilipopatikana lilifuatiwa na tangi la maji, maana kila mtu alijua kwamba kliniki bila maji si kliniki. Kazi ilikwenda polepole, lakini ilikwenda.

Yule mama hakutoa kuku mwaka ule. Hatukumlaumu. Alitoa mwaka uliofuata.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kazi yako ya kila siku, kusudi la kundi lenu ni nini? Je, mwenzako wa karibu angejibu vile vile?
2. Someni Nehemia 5:1–13. Je, katika kazi zetu kuna wanaobeba mawe pamoja nasi mchana na kudhulumiwa usiku?
3. Ni nani katika kundi lenu anayeona shimo lakini ananyamaza? Kwa nini ananyamaza?
4. Kwaya, Shule ya Jumapili, umoja wa akina mama na halmashauri ya parishi: kila kimoja kitaje shabaha yake kwa sentensi moja. Zisomwe kanisani Jumapili ijayo.

SALA

Ee Bwana, uliyemwita kila mmoja wetu kwa kazi yake, utupe kujua tunafanya nini na kwa ajili ya nani. Utuepushe na bidii isiyokuwa na njia, na umoja usiokuwa na haki. Ukumbuke matoleo ya maskini yaliyo mikononi mwetu, utusaidie kuyatumia kama tulivyoahidi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.